Uzinduzi wa Boti za Lolowe

Nchi yetu haijawahi kupata maafa. Naomba hilo lieleweke kabla sijasema neno jingine, maana wapo watu wenye tabia ya kusoma haraka na kuelewa polepole. Tumewahi kupata mvua zilizovuka lengo. Tumewahi kupata jua la ziada. Mwaka ule vijiji vya kusini vilipoondoka na maji, Wizara ilitangaza kwamba wananchi wamehamia karibu na bahari kwa hiari yao, na mimi ndiye niliyeisoma taarifa hiyo redioni, kwa sauti nzuri kabisa.

Naitwa Shaibu, Msemaji wa Wizara ya Maafa na Shukrani. Wageni huuliza: kama hakuna maafa, wizara ya nini? Hilo ni swali la kitoto. Hata nyumba isiyo na mali hufungwa mlango.

Dakta Siwatu tulipewa na wafadhili, pamoja na boti za mpira zenye injini, mahema na marobota ya mablanketi. Sisi tulizipenda zaidi boti. Yeye alikuwa mwanamke mwembamba, mzaliwa wa Bonde la Lolowe, aliyesomea ng'ambo hesabu za kupanga mambo ambayo hujui kama yatatokea.

"Hesabu ya jambo usilolijua inafanywaje?" aliuliza Mheshimiwa Makeke, Waziri wetu, siku ya kikao cha kwanza. "Mimi shuleni zile zinazojulikana zenyewe zilinishinda."

Wote tukacheka kwa heshima.

"Mheshimiwa, chukua mama anayengoja wageni wa Idi," Siwatu akasema. "Hajui watakuja wangapi, lakini sufuria lazima iinjikwe kabla hawajabisha hodi. Akipika kidogo, aibu. Akipika kingi, kinachacha. Basi anawaza: huenda wakaja wachache, huenda wakaja wengi, huenda wakajileta na watoto wa jirani. Kila hali anaipa uzito wake, kisha anachagua sufuria ambayo haitamuumiza sana, aje atakayekuja. Sufuria yetu sisi ni hizi boti. Tunatakiwa kuamua leo zikae wapi, kabla maji hayajabisha hodi."

Mheshimiwa akatikisa kichwa kwa kuridhika. Habari za chakula huzielewa upesi.

"Hali ya kwanza," Siwatu akaendelea, "mvua za kawaida. Hali ya pili, mito kufurika. Hali ya tatu, Bwawa la Fikra za Mlezi kupasuka."

Feni ya darini ndiyo iliyobaki ikisema peke yake.

Kwa asiyejua: Mlezi ndiye kiongozi wetu, na Bwawa lile lilijengwa kwa fikra zake. Saruji ilikuwa imekwisha, fikra zikatumika kujazia. Chini yake tu ndilo Bonde la Lolowe, na nyumba ya kwanza ukitoka ukutani ni ya Bi Masika, mama yake Siwatu, mzee mwenye miguu iliyovimba asiyeweza kutembea hata kufika kisimani. Kuhama Lolowe kulikuwa kosa la jinai. Mtu akihama anaeneza uvumi kwa miguu.

"Hiyo ya tatu umeipa uzito gani?" Mheshimiwa akauliza taratibu.

"Theluthi moja, kwa msimu huu."

"Kwa hiyo theluthi ya Fikra za Mlezi zinavuja?"

"Nasema ukuta una ufa, Mheshimiwa. Mkono wangu unaingia."

"Mkono wako mwembamba."

Hoja hiyo ilikuwa nzito. Kamati ikapiga kura, na uwezekano wa Bwawa kupasuka ukawa sufuri kwa kauli moja. Nilijivunia nchi yangu. Kwingine huko hukaa wakangoja mvua iamue.

"Na hii hesabu yenyewe inatafuta nini?" Mheshimiwa akauliza tena.

"Inatafuta mpango ambao vifo vitakuwa vichache kadiri inavyowezekana."

"Unaona sasa! Umeanza na msiba. Sisi ni Wizara ya Shukrani pia. Iambie kompyuta iache kupunguza vifo, iongeze shukrani."

Niliona taya za Siwatu zikibanana. Akaenda kubadili kama alivyoagizwa, na kompyuta, ikiwa imekatazwa kuwaza Bwawa, ikasema boti zote zibaki uani nyuma ya Wizara. Mheshimiwa alishangaa mno, maana ndiko zilikokuwa tangu zilipofika.

"Kumbe tulishapanga!" akasema. "Bila hata kwenda ng'ambo!"

*

Kusema kweli, hata kompyuta ingesema vinginevyo, boti zisingeondoka. Zilikuwa hazijazinduliwa.

Kwetu kitu ambacho mgeni rasmi hajakikatia utepe hakipo. Tuna hospitali ambayo wagonjwa hulala nje ya geti wakingoja izinduliwe. Tuna daraja ambalo watu huogelea chini yake. Boti nazo zilikuwa zimezungushiwa utepe mwekundu, Mlezi alikuwa bado hajapata nafasi, na kuku wa mlinzi alikuwa ameshatotoa vifaranga ndani ya mojawapo. Kukata utepe bila mamlaka adhabu yake ni jela, na ukirudia, ni jela ambayo huulizwi utatoka lini.

Mvua zikaanza. Asubuhi moja Siwatu aliingia ofisini kwangu, viatu vimelowa, hakungoja nimkaribishe.

"Bwana Shaibu, mama amepiga simu. Ule ufa umeanza kutema maji."

"Mwambie awe na subira."

"Ana subira kuliko mimi. Ananiambia nisihangaike, eti yeye ameshaishi vya kutosha." Akaangalia dirishani mpaka akajipata tena. "Hebu niambie. Barabara ya Lolowe ilichongwa lini?"

"Mlezi alipokwenda kufungua Bwawa."

"Na dawa zahanati zilifika lini?"

"Siku hiyohiyo. Nikumbushe na ng'ombe? Walichinjwa ng'ombe."

Akanitazama kana kwamba nimesema jambo la maana, kitu ambacho hakijanitokea mara nyingi kazini.

"Muda wote huu nahangaika kupanga boti," akasema. "Kumbe cha kupangwa hapa ni mgeni rasmi. Akitoka yeye, vingine vyote vinamfuata vyenyewe."

Jioni ile alikuwa mbele ya Mheshimiwa, mpole kama maji ya mtungini. Akaeleza kwamba kompyuta imetafuta nchi nzima mahali ambapo shukrani zitafika kilele, ikapaona: boti zikizinduliwa Lolowe, Jumamosi, juu ya Kilima cha Pongezi. Sababu za kitaalamu ni kwamba asiyepata kitu akipata kidogo hushukuru sana.

"Hii kompyuta ina siasa!" Mheshimiwa akapiga meza. "Igombee udiwani!"

Kufikia Alhamisi greda lilikuwa limechonga barabara. Yakaja mahema, mablanketi, gari la wagonjwa lenye magurudumu yote, wapishi wa pilau na masufuria yao. Boti zikaletwa kwa malori, utepe haujaguswa, zikapangwa chini ya kilima pale bonde linapoanzia. Na kwa kuwa kuhudhuria sherehe ya Mlezi ni lazima, watu wote wa bonde wangekuwa mlimani tangu alfajiri. Sisi tuliona sherehe. Siwatu aliona kila alichokuwa amekiomba kwa maandishi akakataliwa, kimejileta chenyewe na bendera juu.

Kitu kimoja hakukihesabu. Ijumaa Wizara ilitoa agizo, kwa nia njema kabisa, kwamba wenye mwonekano wa kimaafa wasipande kilimani. Wazee, wagonjwa na wenye vidonda wabaki nyumbani, Mlezi asije akasononeka.

*

Jumamosi Mlezi alichelewa. Hilo si kosa. Mgeni rasmi akiwahi huyo ni mgeni wa kawaida.

Tuliimba. Tukaimba tena. Mshereheshaji akasema Mlezi yuko njiani, tukapiga makofi. Siwatu alikuwa akipita katikati ya watu wa Lolowe akiangalia nyuso, na kila akipita hatua zake zikizidi kuwa za haraka.

"Mama yangu yuko wapi?" akamkamata mkono balozi wa nyumba zao. "Nilikutumia machela. Mama yuko wapi?"

"Dakta, si lile agizo... Miguu yake inavyoonekana... Wako chini, wote wako chini."

Hapo ndipo tuliposikia. Haukuwa mlio mkubwa. Ulikuwa kama mtu anayeburuta kabati katika nyumba ya jirani. Tukageuka, tukaona maji yanapita juu ya ukuta wa Bwawa, meupe, yakianguka upande wa bonde.

"Ndugu wananchi!" mshereheshaji akapaza sauti. "Bwawa letu nalo limekuja kumpokea Mlezi! Makofi kwa Bwawa!"

Baadhi yetu tulipiga. Siwatu alikuwa tayari anateremka mbio, na vijana wa Lolowe nyuma yake. Mbele ya boti alisimama askari, bunduki mkononi, utepe mgongoni.

"Hazijazinduliwa, Dakta."

"Afande, mama yangu yuko pale. Lile paa la bati. Unaliona? Maji yameshafika mlangoni."

"Naliona."

"Basi nipishe."

"Utepe, Dakta. Mimi nina watoto."

Siwatu akarudi nyuma hatua chache, akachomoa kisu mkononi mwa mpishi aliyekuwa anakatakata vitunguu, akampita askari kama anayepita mlangoni kwake, akakata. Askari alifumba macho ili asiwe shahidi. Namshukuru kwa niaba ya Wizara, ingawa simtaji jina.

Boti zikaingia majini. Kutoka mlimani tuliwaona wakiwachukua mmoja mmoja, wengine madirishani, wengine juu ya mapaa. Bi Masika alikuwa amekaa juu ya kabati lake la vyombo, maji yakimlamba magoti, na inasemekana maneno yake ya kwanza yalikuwa, "Siwatu, mbona umekonda hivyo, huli huko mjini?" Binti yake akamkumbatia akalia kwa sauti, hakuona haya mbele ya watu.

Hakufa hata mtu mmoja. Ilikuwa fedheha kubwa.

*

"Wameokolewa bila mgeni rasmi!" Mheshimiwa Makeke aliniambia, jasho linamtoka. Mlezi alikuwa amepata habari akiwa njiani, akageuza msafara. "Nimwambie nini? Nimwambie watu wake wanaokolewa ovyo ovyo tu, na kila mwenye kisu?"

Mwanasheria wa Wizara akatuokoa. Akasema kisheria boti ambayo haijazinduliwa ni mpira tu, na mtu aliyepanda mpira hajaokolewa. Kwa hiyo wazee wa Lolowe bado wako majini wakisubiri msaada, ila kwa sasa wanasubiria ndani ya mahema. Nikaisoma taarifa hiyo redioni.

Utepe mpya ukafungwa. Ikapangwa kwamba Jumamosi inayofuata wazee warudishwe juu ya mapaa yao, maji yakiwa bado yamejaa bondeni, Mlezi aje akate utepe na kuwaokoa rasmi mbele ya kamera. Dakta Siwatu, aliyekuwa mahabusu, akatolewa ili aandae hesabu ya nani akae paa lipi.

Aliingia kikaoni nywele hazijachanwa. Aliposikia habari yenyewe alishika ukingo wa meza.

"Mheshimiwa, ile Jumamosi maji yalipita juu tu. Ukuta wenyewe bado. Ule ufa sasa anaingia mtu mzima. Mtu akikaa chini yake wiki hii..."

"Uwezekano wake ni ngapi?"

"Mheshimiwa, nakuomba. Nakupigia magoti. Mama yangu ni wa kwanza chini ya ule ukuta."

"Nimeuliza uwezekano."

Siwatu hakupiga magoti. Machozi yalikuwa yamemlengalenga, lakini sauti ilipotoka ilikuwa kavu.

"Sufuri, Mheshimiwa. Mlipiga kura."

"Sasa tunaelewana."

"Ila kuna tatizo la shukrani," akasema. "Hawa wazee hawakufundishwa. Mmoja ana kikohozi, atakohoa mbele ya Mlezi. Wawili ni viziwi, hawatajua wakati wa kushangilia. Na mama yangu namjua, ana mdomo. Nimepiga hesabu kila namna, shukrani zinashuka. Zinapanda tu mkiwaweka mapaani watu waliozoea kushukuru."

"Watu gani hao?"

Alituangalia tu, mmoja mmoja, kuzunguka meza yote.

Naungama kwamba tuliguswa. Hakuna aliyekuwa ametusifu hivyo muda mrefu. Mhasibu akauliza kama kutakuwa na posho ya kulowa, akaambiwa ipo. Ikawa vita ya mapaa! Wakurugenzi walitaka mapaa ya bati, wasaidizi wakasukumiwa ya makuti. Mheshimiwa alichukua nyumba ya diwani, iliyo ndefu kuliko zote. Mimi nikapata ya Bi Masika. Wazee wakaachwa kwenye mahema yao mlimani.

"Shikamoo, Bi Masika," nilimwamkia asubuhi ya siku yenyewe, nilipokwenda kuazima kanga yake nifanane na mkazi.

"Marahaba, baba. Usikanyage upande wa jikoni, bati limeoza." Akanitengeneza kanga begani. "Mnarudi saa ngapi?"

"Mlezi akifika."

"Ah," akasema, akanishika mkono akauacha taratibu, kama watu wanavyofanya msibani.

*

Tulipelekwa mapaani kwa magogo ya migomba, maana boti zilikuwa zimefungwa utepe. Siwatu akawekwa kando ya boti, mikono imefungwa kwa mbele, aelekeze mpango. Yule askari akasimama palepale pake.

Mlezi alikuwa njiani. Tukafanya mazoezi ya kupunga. Tukafanya mazoezi ya kulia. Jua likapanda, likaanza kushuka. Nilimpigia simu ofisa wa itifaki, akasema Mlezi yuko njiani.

Kisha kabati la jirani likaburutwa tena, na safari hii halikukoma.

Nilikuwa nimeupa mgongo ukuta. Nilipogeuka, ule ufa haukuwa ufa tena, ulikuwa mlango, na pande lote la juu lilikuwa linainama mbele polepole. Maji yakapanda batini bila kuuliza. Yalinifika vifundoni. Mkurugenzi wa Mipango akaanza kusali kwa lugha ya kwao.

"Bwana Shaibu!" Siwatu alipiga kelele kutoka kwenye boti. Alikuwa amemgeukia askari, na askari alikuwa amemkata kamba za mikono. Kisu sasa kilikuwa mkononi mwa Dakta. "Bwana Shaibu, mimi nina kesi! Nikikata kwa mara ya pili bila amri, sitoki tena! Namwacha mama peke yake! Nipe amri!"

"Mimi ni msemaji tu!" nikajibu. "Muulize Mheshimiwa!"

Mheshimiwa alikuwa juu ya nyumba ya diwani, ameshika bendera. Maji yalikuwa kiunoni mwake, maana nyumba ndefu haikuwa lazima iwe kwenye mwinuko. "Subirini!" akaunguruma. "Mgeni rasmi yuko njiani! Mtu asiguse utepe!"

Nikapiga simu tena. Ofisa wa itifaki akasema Mlezi amesimama kidogo kula, ila yuko njiani. Bati la upande wa jikoni likaondoka chini yangu. Nikashika boriti. Maji yalikuwa kifuani, baridi, yana matope na harufu ya vyoo, na miguu yangu ilikuwa inatafuta kitu cha kukanyaga haipati. Niliogopa. Sijawahi kuogopa namna ile. Nilimfikiria Bi Masika juu ya kabati lake, ambaye mimi nilimtangaza redioni kuwa hajaokolewa.

"Kata!" nikasema.

Haikutoka kwa sauti yangu ya redioni. Ilitoka nyembamba kama ya mtoto.

"Sikusikii!" Siwatu akapiga kelele. "Sema wote wasikie!"

"Kata! Kata, Dakta! Kata!"

"Nani huyo anatoa amri?" Mheshimiwa akafoka kutoka kwenye paa lake. "Shaibu! Unasema kwa niaba ya nani?"

"Kwa niaba yangu mwenyewe!"

Mheshimiwa alifungua mdomo kunikemea, maji yakaingia, akayatema. Aliangalia barabara iliyochongwa, haina hata vumbi. Akaangalia ukuta. Maji yakamfika kidevuni, bendera ikamtoka mkononi, na kwa sauti ile anayoitumia bungeni, akasema:

"Naunga mkono hoja!"